Orodha Mlangoni mwa Ghala

Nyumbani, nje ya Ngulyati
9 Juni 2003

Binti yangu Felisita,

Mwangaluka. Sisi tunapumua, ila macho ya mama yako yamezidi. Moshi wa mabua ya pamba tunayopikia umeyafanya mekundu kama nyama mbichi, na zahanati wanasema dawa ya matone ni ya mwenye kadi ya mfuko wa afya. Sisi wazee kadi tunapewa bure, lakini kijiji kipeleke kwanza orodha ya majina. Wewe muuguzi, tufanyeje? Mihayo jirani yetu amefiwa na mtoto kwa homa, mwandikie pole.

Baba yako,
Januarius

Mwanza
20 Juni 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo, wewe na mama. Wajukuu hawajambo, wanakula kama nzige. Mihayo nitamwandikia.

Baba, andikeni ugonjwa wa kila mzee mbele ya jina lake, na muuandike wazi. Dawa huagizwa kwa ugonjwa. Mkiandika "macho" tu, mtaletewa vidonge vya maumivu. Kazi hiyo ichukue wewe, mwandiko wako wa ukatekista unasomeka. Mama asipofuke kwa uzembe wa karatasi.

Mwanao,
Felisita

Nyumbani
4 Julai 2003

Binti yangu,

Mwangaluka. Afya zetu ni zilezile. Orodha nimeiandika, wazee tisa, mama yako wa kwanza: "Mektilda, miaka 67, macho mekundu ya muda mrefu." Mtendaji wa kijiji ameibandika mlangoni mwa ghala la wale wanunuzi wapya wa pamba, siku saba, mwenye pingamizi aseme. Jana Mihayo aliomba asomewe mstari wa kwanza, akaomba tena. Leo hakuitikia salamu yangu. Labda ni msiba.

Mama yako ana furaha, anaulizia kadi kila siku.

Baba yako,
Januarius

Mwanza
15 Julai 2003

Baba,

Salamu baadaye. Mtoe mama hapo leo, mpandishe basi lolote la Mwanza. Wodini kwetu wameletwa bibi wawili wa huko, wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Nilikuwa nafikiria dawa tu, baba. Ninaogopa.

Mwanao,
Felisita

Mahabusu, Bariadi
2 Agosti 2003

Mwanangu,

Mimi ni mzima wa kuweza kuandika. Barua yako ya mwisho nimeisomea humu.

Walikuja tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, Mihayo na mwenzake nisiyemjua. Mama yako alikuwa anapepeta mtama. Mihayo akamwuliza, "Wewe ndiye wa kwanza?" Akaitikia kwa furaha, akidhani wameleta kadi. Panga likampata shingoni, akafa palepale. Nilitoka na shoka la kuni. Sikusali. Nilimpiga Mihayo kichwani, na alipoanguka niliendelea kupiga hadi akakata roho. Mwenzake alinikata paja, akakimbia.

Wewe ulisema tuandike wazi, mimi nikaandika. Nakulaumu, na najilaumu zaidi. Nalisema mara hii moja, tukionana tusilirudie.

Paja limeanza kunuka. Juzi alikuja mganga wa hospitali na karatasi, anaandikisha mahabusu wazee ili tupate dawa bila malipo. Akaniuliza jina, nikamtajia. Akauliza naumwa nini.

Nikamwambia siumwi kitu.

Baba yako,
Januarius