Vumbi la Clémence

Alhamisi jioni, Saint-Gilles

Na mimi nikapiga makofi. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Miaka arobaini nimechora na kuongoza katuni katika mji huu wa ugenini. Bon, leo wamekumbuka kwamba ningali hai, wakaonyesha filimu yangu ya kwanza, ile ya mbuzi anayerudi kwao Lubumbashi.

Kabla ya taa kuzimwa, Mireille, binti wa kwetu, fundi aliyeipitisha kwenye kompyuta, alinishika mkono kama mjomba wake.

“Tonton, tumesafisha filimu yako muzuri. Vumbi haiko tena hata kidogo.”

Nilidhani anasema vumbi la kabatini.

Kumbe. Mbuzi akashuka kwenye treni, na barabara ikawa safi kama sakafu ya hospitali. Lile vumbi jekundu la kwetu lilichorwa. Marehemu mke wangu, Clémence, alilitia kwa brashi, nukta kwa nukta, juu ya kila karatasi ya plastiki, picha ishirini na nne kwa sekunde moja. Miezi saba mezani, na mtoto tumboni. Jina lake hawakuliandika mwishoni mwa filimu. Alisema haidhuru, yeye yuko kwenye vumbi.

Mashine ikadhani ni uchafu. Na ule ukanda wa zamani umeoza, hauonyeshiki tena; nakala nyingine sina.

Taa zilipowaka watu walisimama wakipiga makofi. Mireille alikuwa ananitazama, anangoja neno langu. Mtoto wa watu, amefanya kazi hiyo mwaka mzima.

“Merci, maman,” nikamwambia, kama tunavyowaita mabinti kwetu. “Imekuwa safi.”