Kikombe Namba Saba

Jumatano, 13 Novemba 2024. Ukungu tangu alfajiri, mvua nyembamba, mlima hauonekani.

Kwa dada yangu Fettuma,

Assalamu alaikum, wewe na shemeji na watoto. Mguu wa shemeji umepona? Na mama mkwe wako, bado anadai supu yako ya bisara haina kitunguu saumu cha kutosha? Mfikishie salamu zangu, umwambie hata nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Sisi huku miili ni mizima. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, na baba sasa anakwenda msikitini bila fimbo, ingawa akifika huwa ameshagombana na watu watatu njiani.

Utacheka kuona nimeanza barua kwa hali ya hewa kama ninavyoanza daftari langu. Nimezoea. Kila siku naanza na mbingu na kumaliza na saa niliyolala. Nikikuonyesha saa za mwezi huu utadhani nina mtoto mchanga.

Habari kubwa ya kijiji umeshaisikia: chama chetu cha ushirika kimepata kibali cha kulima bangi kwa ajili ya watengeneza dawa. Sharti ni moja, mbegu iwe beldi, ya kienyeji, ile ya bibi zetu inayostahimili kiangazi kwa maji ya mvua tu. Rumi hawaitaki, yaani zile mbegu za kigeni zinazokunywa kisima kizima. Mwezi wa tisa Allal, mwenyekiti, alikuja kwa baba akasema mbegu za kijiji zipangwe na kuandikwa kabla ya kupanda, na kwamba kazi hiyo ni yangu kwa sababu nimemaliza sekondari na kwa sababu ya pua. Baba akamjibu kwamba pua hiyo ilishawahi kunifukuzia wachumba wawili, basi angalau mara hii inilipe.

Nilifanya kazi hiyo kwa furaha, dada, sitakuficha. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilinipa kipande cha hashishi ya mavuno ya mwaka huu, unga wa mchujo wa kwanza. Nilikipasha moto viganjani, nikanusa, nikagusa kwa ncha ya ulimi, nikaandika. Za mtaa wa juu zina pilipili manga na ngozi mbichi. Za karibu na mto zina mnanaa na udongo uliolowa. Zile za ukoo wetu unazijua: mwerezi kwanza, kisha tini kavu, na mwishoni kabisa giligilani; kipande cha nyumba yetu sikukinusa, nikajiambia nakijua.

Katika ukoo ndipo tulipobishana. Allal alitaka kila mbegu iandikwe kwa jina la mwenye shamba, baba na babu, kama hati za ardhi. Mama mdogo Yamna, ambaye hasomi lakini hapitwi na neno, akamuuliza kama siku ya harusi yake ni yeye aliyekuja na fundo la mbegu kwenye mkanda. Wanawake wakacheka mpaka Allal akaomba chai. Kwa hiyo niliandika kwa mama, kama mbegu zenyewe zilivyosafiri, kutoka mkanda wa bibi harusi mmoja hadi mwingine. Ya mama mdogo Yamna: kwa mama yake Rahma, kwa bibi yake Tamimunt. Yetu: kwa mama, kwa bibi yetu Hadhum, kwa huyo huyo Tamimunt. Rahma na Hadhum walitoka nyumba moja. Mafundo mawili, mbegu moja.

Tarehe 20 Oktoba tulikutana kwenye ghala ili nithibitishe mbele ya wote. Nilisema nisijue ninachonusa ni cha nani, watu wasije wakadai upendeleo. Vipande vikawekwa kwenye vikombe vya chai vyenye namba, mtoto mmoja wa shule akaandika namba na majina kwenye daftari langu, akalifunika, akarudi kucheza. Wenyewe walinisifu kwa utaratibu huo.

Vikombe sita vilipita bila tatizo. Cha sita nilikitambua mara moja, mwerezi, tini, giligilani, nikasema hiki ni cha ukoo wa Tamimunt, hakina doa. Cha saba kilianza hivyo hivyo, halafu ukaja utamu wa pipi, na nyuma yake harufu ya mafuta ya taa. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri, kwamba namba saba imeingiliwa na rumi. Allal akaniomba nisome jina.

Nikasoma jina la Yamna.

Basi mambo yakaenda upesi. Allal alisema kwa huzuni kwamba chama hakiwezi kumpokea mpaka alete mbegu safi. Yamna hakubisha. Alisema tu kwamba ajuavyo yeye hajawahi kupanda rumi, lakini pua ya Mimunt haijawahi kusema uongo, basi labda upepo umemtendea asilolijua. Kesho yake kisimani tayari walikuwa wanamwita Bi Rumi. Wakamuuliza kama siku hizi anapika kwa siagi ya kopo, na kama kuku wake wanataga kwa Kihispania. Alicheka nao. Alijaza ndoo akaenda zake.

Siku ya tatu alikuja kwetu na mkate wa shayiri, bado wa moto, ameufunga kwa kitambaa. Aliniambia nisiwe na uso mzito, kazi ni kazi, mwamuzi hana mama mdogo. Akasema mbegu zake zote amezichoma kwenye tanuru, gunia zima pamoja na makapi, asije akamchafulia jirani. Kisha akakaa anitazame nikila, maana aliniona nimekonda. Nikaumega. Dada, ganda la mkate ule lilikuwa limeshika moshi: mwerezi, tini kavu, giligilani. Nilikula mpaka mwisho kwa sababu alikuwa ananitazama.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Namba saba haikuwa ya Yamna. Yake ilikuwa ya sita. Ya saba ilikuwa yetu. Nilipofunua daftari niliona jina letu, na nikasoma mstari wa juu yake. Jicho halikuteleza. Nililisogeza.

Na rumi iliingia kwa mkono wangu. Mwaka ule mama alipokuwa kitandani, na wewe umeshaolewa, mfanyabiashara mmoja aliniuzia pakiti ya mbegu yenye picha. Nilizipanda nyuma ya ukuta wa chemchemi, ambako mama asingeweza kufika. Nilitaka nione tu, nikajiambia, nilinganishe, niandike. Mimea dume ikachanua kabla sijaing'oa, na upepo ukapeleka chavua shambani kwetu. Shamba la Yamna liko nyuma ya mgongo wa mlima, haikumfikia. Mama aliniuliza mara moja ile ni harufu gani tamu inayoingia dirishani. Nilimwambia ni mawaridi ya jirani. Alikufa akiamini jirani ana mawaridi.

Mbegu ya Tamimunt sasa haipo kwetu, wala haipo kwa Yamna. Iliyobaki ni ile uliyoondoka nayo kwenye mkanda wako miaka saba iliyopita, kama bado unaipanda peke yake kule kwenu. Nakuomba konzi moja. Usinipe mimi. Mpe yeye, kwa jina lake. Ijumaa baada ya sala nitasimama ghalani nisome mistari yote miwili kama ilivyoandikwa, na sisi ndio tutoke chamani. Baba hajui bado. Usimpigie simu, niachie mimi hilo.

Wabusu watoto, na umwambie yule mdogo kwamba mama yake mdogo anamwekea mwanambuzi mmoja. Mungu awatunze, na anisitiri mimi siku hiyo ikifika. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Mimunt

Alhamisi, asubuhi. Mvua imekatika. Naongeza haya kabla sijampa barua dereva wa sokoni.

Jana jioni, kabla ya kuifunga, niliipeleka kwa mama mdogo Yamna nikamsomea yote, tangu mbuzi hadi jina langu. Alisikiliza mikono ikiwa kwenye unga. Nilipomaliza aliniomba nirudie pale pa mkate. Nikarudia. Kisha akasema nikuandikie kwamba anakusalimu sana, na kwamba hiyo mbegu usiitie kwenye mfuko wa nailoni, itaoza. Ifunge kwenye kitambaa cha sufu. Mimi alinifungulia mlango nitoke.

Nimelala saa tisa na robo usiku.