Mtungi Unaoelea

Lodwar, Jumanne, Februari 2013

Sufuria ndizo zilizonidanganya kwamba aluminiamu ni nyepesi.

Leo ofisini tumeletewa mitungi miwili ya hewa ya kuzamia, mmoja wa chuma, mwingine wa aluminiamu, nichague aina ya kuagiza kwa kazi ya uokoaji ziwani. Ekai, nahodha wa boti yetu, mtu wa Lowarengak kule ufukweni, aliinyanyua mmoja mmoja kwa mikono miwili, vile anavyopima mbuzi sokoni.

"Uzito ni moja tu, afisa," akasema. "Tofauti utaona kwa maji."

Maji yaliyokuwa karibu ni pipa la Mama Nakiru, mpishi wetu. Tukaitumbukiza humo ikiwa mitupu. Wa chuma ulikaa chini kama mpangaji. Wa aluminiamu ulipanda polepole, ukatoa matako nje. Mama Nakiru alifunga mlango wa jikoni. Chai hatukupata.

Ekai anataka chuma. Anasema aluminiamu ikiishiwa hewa inaelea, kwa hiyo mzamiaji lazima ajifunge vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni ndipo akae chini.

Nimechagua aluminiamu. Kwenye fomu nimeandika sababu: usalama wa mzamiaji. Bosi amenisifu mbele ya wote kwa kuwajali wenzangu.

Mzamiaji ni mimi. Mafunzo yanaanza Jumatatu, na usingizi sina. Nilipoomba kazi hii nilijaza kwamba najua kuogelea. Nilijua wananipeleka Turkana, kwenye ukame, nikaona hapo hakuna atakayeuliza.