Majina Kifuani

Jumatatu, 3 Machi

Sweta kumi na nne zimekwisha. Mgongo nao umekwisha. Majina yote mekundu, kifuani, herufi ndefu kama kidole. Wazo nililitoa mimi, acha nijisifu kidogo. Muhula uliopita kila siku ugomvi: hii ya nani, ile ya nani. Watoto wa miaka minne, wote sweta ya bluu, suruali ya bluu, vichwa vimenyolewa — utajuaje? Nikamwambia Mwalimu Mkuu, tushone jina mbele, hata mwalimu mgeni asome. Akafurahi. Sasa saa sita wakitoka kwenda kucheza uwanjani, nikisimama mlangoni kwangu nasoma chekechea nzima kutoka ng'ambo ya barabara. Wifi yangu anasema nimewafanya kama chupa za dawa. Wifi hana jema!

Jumatano, 5 Machi

Kuna mwanamume pale kwenye ukuta wa duka la vipuri. Shati jeupe, pasi kali. Jana alikuwepo, leo yupo. Hanunui kitu, hashiki simu. Anawatazama watoto kupitia wavu wa uwanja na midomo inacheza. Nilidhani anasali. Fundi Viatu, jirani yangu wa kibarazani, anasema labda anangoja kibarua. Kibarua gani kwa shati lile? Nimemkodolea macho mpaka mshono ukaenda kombo, nimefumua upya.

Alhamisi, 6 Machi

Hayupo. Fundi Viatu amenicheka asubuhi nzima, eti nashona nguo na visa kwa pamoja. Sawa. Nicheke tu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tangu mchana sijashona kitu.

Utaratibu wa pale shuleni ni huu: anayemfuata mtoto anasimama getini, anamtajia Mlinzi jina, Mlinzi anaita, mtoto akija anatoka. Basi. Hakuna kadi, hakuna kusaini. Mlinzi ni mzee mpole, amefanya hivyo miaka na miaka na hajapoteza mtoto.

Saa sita na nusu Shati Jeupe akasimama getini. Mkononi boksi la juisi, mrija umeshachomekwa. Akataja jina. Mlinzi akaita. Mtoto akaja mbio, macho kwenye juisi. Mlinzi akafungua geti.

Jina alilotaja ni la mvulana. Aliyekuja ni msichana.

Mtaa mzima mimi tu ndiye niliyejua. Ile sweta ni ya kaka yake aliyekwenda darasa la kwanza; ndiyo niliyoishonea jina la kwanza muhula uliopita, kumwonyesha Mwalimu Mkuu. Mama yao aliniletea nipunguze mikono, akasema jina tutabadilisha mwisho wa mwezi. Kule ndani walimu wanamjua, wanamwita kwa jina lake. Mlinzi, Mungu amsamehe, anasoma vifua tu.

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Mkasi mkononi, sikuwa na habari nao.

"Kaka, samahani. Unamchukua nani?"

Akarudia lile jina. Anatabasamu. "Mimi mjomba wake, mama."

Mjomba! Mjomba asiyejua kama dada yake alizaa msichana au mvulana!

Nikamshika mtoto mkono wa pili. Yeye huku, mimi kule, mtoto katikati ananyonya juisi. Watu wakajaa. Mlinzi ananibembeleza, "Mama Cherehani, jina ametaja, mtoto amekuja mwenyewe, tatizo liko wapi?" Kijana mmoja wa pikipiki akapiga kelele kwamba mwizi wa watoto ni mimi, tazameni ana mkasi. Nilitaka kulia kwa hasira. Ndipo Fundi Viatu akaja na mguu wake mbovu, kiatu cha mtu bado amekivaa mkononi. Nikamnong'oneza siri ya sweta, akamuuliza yule bwana swali moja tu: "Mpwa wako ni wa kike au wa kiume?"

Yule bwana akainama, akasoma tena kifua cha mtoto.

Akamwachia. Hakukimbia — hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alitembea. Alipofika usawa wangu akasimama, akatazama duka langu, akanitazama mimi.

"Kazi nzuri, mama," akasema. "Inasomeka vizuri."

Jumamosi, 8 Machi

Nimefumua tangu alfajiri. Kina mama wanaleta sweta wenyewe, wengine hawajamaliza hata kuniamkia. Kumi na moja mpaka sasa. Uzi unatoka lakini matundu ya sindano yanabaki, ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga jina bado lipo. Nimeyapiga pasi ya mvuke. Yapo.

Polisi wameuliza: mtoto amechukuliwa? Hajachukuliwa. Basi mama, nenda, akirudi tupigie. Mwalimu Mkuu anasema tusitishe watu, tungoje kikao cha wazazi cha wiki ijayo. Mlinzi hasemi nami.

Ni mimi. Nisijidanganye. Yule mtu alisimama pale siku mbili anasoma, na barua niliiandika mimi kwa uzi mwekundu. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Hayupo ukutani. Mama wa mtoto amekuja. Ni muuguzi, zamu zake hazina mwanzo wala mwisho. Hana kaka hata mmoja, wa tumbo moja wala wa mbali. Amelia, nami nikalia, Fundi Viatu akajitia anatafuta gundi. Ameniomba akichelewa mtoto akae kwangu. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumanne, 11 Machi

Saa nane na robo. Shule imefungwa, Mlinzi ameshaondoka. Mtoto yuko chini ya meza yangu anapanga vifungo kwa rangi. Mama yake simu haipatikani. Akiwa wodini huifungia kabatini.

Amekuja mwanamke. Naandika sura yake hapa, endapo itahitajika: mrefu, mkoba wa ngozi ya kahawia, baka dogo chini ya jicho la kushoto, viatu vya visigino. Anasema anafanya kazi na mama mtoto. Mama amepata dharura, amemtuma yeye amchukue binti. Amemtaja mama kwa jina. Amemtaja mtoto kwa jina — lile lake hasa, si la kaka. Ametaja mpaka wodi. Hakuna alipokosea.

Nimemuuliza mtoto, unamjua huyu? Amesema ni shangazi. Lakini mimi pia ananiita shangazi, na mwenye duka la vipuri anamwita shangazi, na ana ndevu.

Nimemwambia yule mwanamke asubiri nimpigie mama. Hakukasirika. Ametoka nje, amevuka barabara kupiga simu yake.

Saa nane na nusu. Nimepiga hospitali mara nne. Inaita tu. Polisi wamesema wanakuja. Hawajasema saa ngapi.

Shati Jeupe yuko ukutani. Leo amelivalia koti juu, lakini ni yeye. Mwanamke hamtazami. Amempa mgongo kwa bidii mno.

Nimemwonyesha Fundi Viatu kwa jicho. Ameburuta kigoda chake mpaka katikati ya mlango wangu. Muuza maji amemwona, ameuliza kuna nini, ameambiwa, ameegesha mkokoteni mbele ya kizingiti. Dada mmoja mpita njia, ana mtoto mgongoni, sijawahi kumwona maishani mwangu, ameingia akakaa sakafuni karibu na vifungo. Hata yule kijana wa pikipiki aliyeniita mwizi amezima pikipiki, amesimama. Hakuna hata mmoja wao anayejua jina la huyu mtoto. Hakuna aliyeuliza.

Saa nane na dakika arobaini. Mwanamke amemaliza kuzungumza. Nyuma yake kuna gari, mlango wa nyuma uko wazi. Shati Jeupe ameacha ukuta. Wanavuka wote wawili, polepole, kama watu wanaokuja kuchukua nguo zao.

Mtoto ametoa kichwa chini ya meza, ameuliza kwa nini wakubwa wote wamepanga mstari mlangoni. Nimemwambia ninawapima, kila mmoja nitamshonea suruali.

Ameacha vifungo. Amekwenda kusimama katikati yao, mikono ameinyoosha, anangoja zamu yake apimwe —