Ukuta wa Ng'ambo

Jumamosi, 2 Machi
Mawe tena. Tangu asubuhi akina mama wa kanisa tuko mtoni, tumepanga mstari, jiwe linatoka mkono hadi mkono. Wanaume wanashona vikapu vya waya vya kutilia mawe, huku wakisifiana. Ukuta wa kulinda kanisa uliliwa na mvua ya mwaka jana. Sasa tunaurudishia, mrefu na mnene zaidi. Mgongo unaniuma. Chai ilikuwa maji matupu. Haya, kanisa ni letu. Kwangu ni ng'ambo ya mto tu, nikiwa jikoni naliona.

Jumatano, 27 Machi
Mvua. Ukuta umesimama imara. Maji yanaugonga, yanageuka, yanakuja upande wangu. Nduma nilizopanda ukingoni zimeenda, udongo na vyote. Nilisimama na mwavuli kama mjinga. Yaani mawe niliyobeba kwa mikono yangu!

Jumapili, 31 Machi
Baada ya ibada nilimfuata Mzee Ireri, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nikamweleza shamba linavyoliwa. Akanishika bega.

"Mama Njeru, wewe vumilia kidogo. Hii ni projekti ya Mungu, haiwezi kukuumiza."

Haiwezi! Na viatu vyake vinang'aa. Niliondoka bila kusalimia mtu. Sadaka ilibaki kwenye leso, nikaipitisha dukani nikanunua sukari.

Jumatano, 10 Aprili
Migomba imeanguka. Ukingo umesogea hadi karibu na jikoni, nikirusha ufagio unatua majini. Nyumba hii niliijenga nikiwa mjane, chumba baada ya chumba. Sina nyingine.

Kamati ilikuja leo. Wakatazama. Wakaomba kwa kirefu. Wakala nduma zilizobaki, wakaenda zao. Ningewatilia pilipili. Nina hasira hata kula siwezi.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimechoka kungoja. Niliwaita akina mama wale wale wa mstari. Wengine walimwogopa mwenyekiti. Wawira, jirani yangu upande wa chini wa mto, alifika wa kwanza, amevaa gambuti za mpira za marehemu mumewe.

"Wewe tuanze bwana, hao wazee watatumalizia siku na maombi."

Tulibeba mawe na kupanga ukuta ukingoni kwangu hadi vidole vikachubuka. Waya tulichukua ile iliyobaki kanisani. Hatukuomba ruhusa. Waje wanidai mbele ya watu.

Jumapili, 5 Mei
Sikuenda kanisani. Mvua imenyesha wiki nzima na ukuta wangu umeshika. Jikoni hakuna hata ufa. Mzee Ireri ametuma mtu aulize kuhusu waya. Nilimwambia apeleke jibu hili: mwenyekiti aje mwenyewe, avue viatu, aingie mtoni. Nilipika ugali mkubwa nikala wote. Nilifurahi, sifichi.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua imepungua. Nilishuka kuangalia ukuta. Hakuna jiwe lililosogea. Maji yanaugonga, yanageuka, yanashuka kwa Wawira. Ukingo wake umekatika na mahindi yamelala ndani ya tope.

Alikuwa pale, ameegemea jembe. Nilidhani atanitukana. Aliuliza tu tutaanza kwake lini. Nikamjibu kesho.

Tulisimama kidogo. Chini ya shamba lake kuna nyumba ya mama mmoja wa mstari wetu, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Sote wawili tuliuona.