Nilikataa Kuitwa Bibi

Jumanne, 1 Aprili 2025

Nimehamia. Nyumba ya vyumba vitatu, juu kidogo ya hospitali – dakika kumi kwa fimbo yangu, kama hakuna matope. Mwenye nyumba, Mzee Nikodemo, hapangishi chumba kimoja kimoja. Anapangisha nyumba nzima, wapangaji mjipange wenyewe. Akiondoka mmoja, waliobaki wajaze pengo lake au watoke wote. Peke yangu, kwa pensheni yangu, siwezi.

Kurudi kwetu Rangwi pia siwezi. Kidonda cha mguu wa kushoto lazima kioshwe hospitali kila Jumatatu na Alhamisi. Mgonjwa wa sukari hufa ganzi miguuni, kwa hiyo hana maumivu ya kumwonya. Ndiyo maana daktari amenikataza nisikifungue mwenyewe. Kikiharibika, watakata. Na masika haya barabara ya kwetu leo inapitika, kesho haipitiki. Basi: nikikosa chumba hiki, nakosa mguu.

Wenzangu ni mabinti wawili. Loveness, wa Bungu, yuko kwenye duka la fotokopi. Paskalina anauza mitumba sokoni. Loveness alinipokea begi akicheka, Shikamoo bibi, karibu kwetu! Nikamrekebisha: bibi ni wa wajukuu wake. Mimi niite Mwalimu. Miaka thelathini na minne darasani, jina hilo nimelitolea jasho! Akasema, Samahani Mwalimu. Hakucheka tena.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimebandika ratiba ya zamu jikoni: kufagia, kuchota maji, kuosha vyombo. Niliwaeleza kwa kirefu kwamba kwenye nyumba ya kuchangia hakuna mkubwa wala mdogo. Ndiyo Mwalimu. Leo zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Nimeamka saa kumi na mbili kasoro – pameshafagiwa, na pamepigwa deki juu! Hata chumba chenye jua wameniachia mimi. Mabinti wamelelewa hawa.

Jumapili, 13 Aprili

Wamelelewa mno. Nikikohoa tu, redio inazimwa. Mimi natengewa mezani, wao wanakula jikoni wamesimama. Hakuna mgeni anayekuja. Nikiingia, maneno yanakatika.

Leo nimetoka misa ya Matawi, nikamsikia Loveness uani na simu. Anamwambia mtu kwamba hapa si nyumbani, ni ukweni – tena ukweni bila mume. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Hakuna kliniki leo. Nitaoshwa Alhamisi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Udongo wa mteremko unateleza kama sabuni. Nilifika kwenye mti wa mpea wa jirani, fimbo ikaniponyoka, nikarudi. Basi Jumatatu, njia ikikauka.

Nimekuta madirisha yote wazi – kwenye baridi hii! Nikauliza. Paskalina: Hewa tu, Mwalimu. Nikawaeleza jinsi ukungu unavyoozesha nguo na mapazia. Wakasikiliza mpaka mwisho, wakafunga. Wakaenda kula barazani, wamejifunika khanga.

Ijumaa, 25 Aprili

Mzee Nikodemo amepita. Aliuliza kama nimeshapata wenzangu wapya. Wapya? Akaangalia viatu vyake. Mabinti wamemuaga, wanatoka Jumapili. Alidhani najua.

Jioni niliwapa nafasi. Habari za kazi? Salama, Mwalimu. Za nyumbani? Salama. Kuna jambo? Hakuna, Mwalimu!

Hawatasema. Kumwambia mtu mzima tumekuchoka ni aibu, afadhali umkimbie. Siwezi kuwalaumu. Watoto wa watu nimewafundisha hivyohivyo miaka yote.

Siku tano mwezi unaisha. Nani atakuja kukaa na kikongwe mwenye kidonda?

Jumamosi, 26 Aprili

Nimewaza siku nzima. Mama huogopwa. Shangazi huogopwa. Mwalimu, usiseme. Bibi haogopwi – bibi ni mtani. Mjukuu atamwuliza meno yako umemkopesha nani, bibi atamjibu sura kama gimbi, watacheka wote na hakuna aliyekosewa. Mambo mengi yasiyosemeka kwenye ukoo husemwa kwa njia hiyo.

Mlango huo niliufunga mimi, siku ya kwanza, begi langu likiwa bado mkononi mwa mtoto wa watu.

Utani unaombwa? Hauombwi. Unaanzwa tu.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika hospitali, kwenye benchi. Haraka.

Asubuhi Paskalina alishatangulia na magodoro. Loveness akaja kuaga. Goti nusu, macho chini: Mwalimu, tunasafiri kidogo. Kusafiri na magodoro!

Nikamwambia: We mke mwenzangu, unanikimbia na bwana gani? Hata kufagia hujui, unafagia kama unafukuza kuku.

Akainua macho.

Nikaendelea. Mume wetu alikufa akisema mvivu ni wewe. Haya, sema. Mjukuu hamfichi bibi yake.

Nikadhani nimejiaibisha bure, uzeeni. Kisha, taratibu kabisa:

Bibi, unanuka.

Nini?

Mguu, bibi. Tangu wiki ya Pasaka. Tukifungua dirisha, unatufundisha habari za mapazia! Paskalina juzi katapika. Tungekwambiaje? – Akaanza kulia.

Pua yangu haisikii harufu yoyote tangu yale mafua makali, mwaka wa nne sasa. Mguu una ganzi, pua imekufa. Waliokuwa wanajua ni wawili tu, na wote wawili niliwafundisha kusema Salama, Mwalimu.

Loveness akajifuta macho, akaita bajaji itusubiri chini. Kushuka mteremko alinishika kiuno, anagomba: Kanyaga hapa, bibi. Sio hapo! Mbishi wewe.

Nesi wa zamu alifungua bandeji. Akaifunika, akaenda kumwita daktari. Saa nzima sasa.

Simu ya Loveness inaita kila mara. Paskalina, yuko kwenye nyumba mpya, anauliza funguo. Loveness anamjibu, Subiri. Asubiri nini, hasemi. Begi lake liko hapa, kati ya miguu yake. Hakuliacha kwetu, wala hakulipeleka kule. Sijamwuliza.

Daktari ametoka. Ana karatasi mkononi, ya kusaini. Nataka kwanza nimweleze habari ya kliniki kufungwa Pasaka, na mvua ya Alhamisi –

Loveness ananyoosha mkono achukue kalamu hii ninayoandikia. Bibi, anasema, leo nyamaza. Sikiliza wewe