Nyuzi Mbili Chini ya Taa

Kwako mjukuu wangu, mke mwenza wangu mdogo,

Miezi saba! Miezi saba hujakanyaga mlango wangu. Mke mwenza gani wewe, unaniachia marehemu babu yako peke yangu, kaburi nilipalilie mimi, picha yake niipanguse mimi, na ukoo mzima ukiulizia habari zako nijibu mimi kama vile nimeajiriwa kukusemea? Ukipigiwa simu huna nafasi. Ukipata nafasi, chaji imekwisha. Chaji ikiwepo, mtandao unasumbua. Nimekuchoka. Lakini salamu hazikatwi, kwa hiyo zipokee, nyingi, moja moja, usizirukeruke. Hujambo? Unakula? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha? Mama yako ananiambia umekonda mpaka saa inakuzunguka mkononi. Nimemwambia akome kuniletea habari za kunikosesha usingizi, halafu nikamwomba aendelee.

Mimi ni mzima wa hivyo hivyo. Goti la kushoto linasema lake, la kulia linajibu. Nachoka kabla sijafanya kitu. Naamka nimechoka, nakaa mlangoni nimechoka, jioni natafuta nilichofanya kutwa, sikipati.

Anayeandika ni jirani yangu wa chumba cha mbele, yule mpiga chapa mstaafu tunayemwita Katibu. Mimi kalamu hakuna aliyewahi kunifundisha kuishika, unajua. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe. Ameshakosea mara moja: pale kwenye simu nilisema neno jingine kabisa, yeye akaandika kwamba huna nafasi. Nimemwacha, mkono ni wake. Na kwa nini barua? Kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, au ningejikatiza mwenyewe, na nina jambo ambalo likikatizwa leo sitalisema tena.

Juzi mama yako alikuja na habari kwamba umeuza stendi zako zote mbili za kusimamishia taa, na kuanzia tarehe mosi utakaa mapokezi kwenye duka la vigae, uwaonyeshe watu kiti cha kusubiria. Akasema ulipoulizwa sababu ulijibu kwamba kazi ya taa inataka jicho, na wewe jicho huna. Chai ilinishinda. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, halafu ukakae kwenye vigae vyako kama bado unataka.

Tuanze na ile wiki ya taa. Unaikumbuka, lakini acha niisimulie mimi, maana wewe unaikumbuka vibaya.

Tajiri wa vitambaa alikuwa amewapa kazi ya video, wewe na mwenzako wa kamera, ya kuonyesha mapazia yake mapya. Mwenye duka la vifaa akakuazima taa mbili za LED kwa wiki moja, uchague moja. Ukazileta kwangu. Chumba changu kikawa kama karakana, waya huku, betri kule, babu yako ukutani anang'aa kama bwana harusi. Nilipiga kelele, lakini moyoni nilifurahi, maana ulisema mbele ya yule mwenzako kwamba mimi nimekaa dirishani miaka arubaini nikiziba matundu ya nguo za watu mpaka mwenye nguo mwenyewe asijue tundu lilikuwa wapi, na kwamba kwa rangi hakuna mashine ya kunifikia. Nilivimba kichwa. Sikukuambia, lakini nilivimba.

Taa ya kwanza ilikuwa nzito, ya bei, yenye feni iliyokoroma kidogo kama paka aliyeshiba. Ya pili nyepesi, boksi lake limejaa namba za kujisifu, maana wewe ulinisomea ukicheka. Na kulikuwa na kile kioo mnachokiita freneli, kama kisufuria kisicho na kitako, usoni kina miviringo kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Uliivisha taa kioo hicho ukanionyesha. Ukikisogeza mbele mwanga unajibana, unakuwa duara dogo kali linaloweza kukaa juu ya kifungo cha shati. Ukikirudisha nyuma mwanga unatawanyika mpaka kwenye kona za utando wa buibui. Nilikuambia ukirudishe mbele, ile nyumba ya buibui haikukuhusu.

Jaribio nilikufundisha mimi. Nyuzi mbili nyekundu kutoka kwenye mkebe wangu wa biskuti, moja imelalia rangi ya tofali, nyingine imelalia zambarau. Juani ni watu wawili tofauti. Chini ya taa mbovu wanakuwa pacha. Tulikuwa tukiwakataa wauza balbu kwa jaribio hilo wakati mama yako bado anatambaa.

Ukaziweka nyuzi kwenye sahani nyeupe chini ya taa ya kwanza. Nikaangalia. Nikasema ni pacha, taa hii ni mwongo. Wewe ukainama, ukaangalia tena, ukasema polepole kwamba unaziona mbili. Nikakuambia una macho ya simu.

Ukawasha ya pili, ukaziweka tena. Nikaangalia kwa muda mrefu, nikazishika, nikazigeuza, halafu nikakuonyesha bila kukosea: hii tofali, hii zambarau. Ukasema hapo wewe unaona pacha. Nikakuuliza nani kati yetu amekula chumvi ya kazi hii. Ukairudisha nzito dukani, ukachukua nyepesi, na kile kioo ukakinunua kwa sababu nilikisifu mimi.

Yaliyofuata unayajua. Tajiri aliiangalia video akauliza kwa nini mmempigia picha pazia moja mara mbili. La tofali na la zambarau yalikuwa yametoka rangi moja ya ini. Mwenzako akahangaika kuyarekebisha kwenye kompyuta, akiponya moja linaharibika la pili. Kazi akapewa mwingine.

Ukaja kwangu. Hukupiga kelele, ndiyo maana iliniuma. Ulikaa ukingoni mwa kitanda, ukaniuliza kama siku ile niliona kweli. Nikawaka. Nikasema unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu, nikasema ni hicho kioo chako cha miviringo kimeunguza rangi, nikasema yule mwenzako ni kichwa maji, na wewe kabla ya kujifunza taa ujifunze kusikia. Ukakitoa kile kioo kwenye begi, ukakiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha watu, ukatoka. Ndiyo ikawa miezi saba.

Hapo Katibu ameomba tupumzike, mkono unamuuma. Nami nimechoka. Tumekunywa maji, tunaendelea.

Kioo chako kilikaa chini ya kitanda mpaka mwezi uliopita. Nilikuwa nikifagia, nikakitoa, nikakipangusa, nikachungulia. Masikini mimi! Vidole vyangu vikawa vinene kama viazi, mistari yote ya ngozi inahesabika. Nikauweka uzi chini yake, nikauona kama kamba ya ngamia. Nikajiambia, kumbe dawa ilikuwa hii, mjukuu wangu ameniachia macho na mimi nimeyasukumia chini ya kitanda. Nikakitoa kioo nje, nikakisimamisha kwenye ile meza yangu ya mlangoni, nikaingia kutafuta sindano.

Niliporudi, moshi. Jua lilikuwa la saa sita, limepita kwenye miviringo yako likajibana kama ulivyonionyesha, limetoboa kitambaa cha meza. Kile cha rangi ya tofali, ulichoninunulia siku ulipolipwa kwa mara ya kwanza kwa kazi ya taa. Tundu la kutosha kifungo cha koti.

Nilisonya, halafu nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilisema sasa nitashona. Nikakihamishia kioo kivulini, nikachagua uzi kwa kuutazama kwa kioo chenyewe, mchana kweupe, nikiona kila unywele wake. Nikashona siku mbili. Nikapitisha kiganja juu: laini, hakuna tundu. Nikamwita Katibu aje anywe chai, nikamkalisha mbele ya kitambaa nikasubiri atafute tundu lilikuwa wapi.

Katibu akaniuliza kwa nini nimetia kiraka cha zambarau.

Nikamwambia asiniletee utani. Akarudia. Nikamtukana kidogo. Basi akanyamaza, akawa anakoroga chai ambayo haina sukari. Mtu anayekutania hakuonei huruma, mwanangu. Kwenye ule unyamazaji wake ndipo nilipojua. Niliuona uzi vizuri kuliko nilivyowahi kuuona maishani, mkubwa, karibu, mchana kweupe, na bado sikuiona rangi yake.

Katibu alinipeleka kwa daktari wa macho. Kijana mpole, ananukia sabuni. Akasema nina mtoto wa jicho, pande zote mbili. Nikamwambia nilishaacha kuzaa. Hakucheka. Akanieleza kwamba ndani ya jicho kuna kioo, na changu kimegeuka kama chai ya rangi, kinazuia buluu isipite. Na zambarau ukiinyang'anya buluu yake inabaki nyekundu tu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema miaka.

Sasa, Katibu, hapa andika kama ninavyosema, usilainishe.

Mjukuu wangu, haya ya daktari yalikuwa mapya kwangu kwa jina tu. Sikuacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu mzima. Niliacha kwa sababu watu watatu walinirudishia nguo ndani ya mwezi mmoja, na wa tatu alinirudishia huku akinionea haya. Nikasema mgongo, mkanipa pole, mkaniletea mito.

Na siku ile ya taa. Chini ya ile ya kwanza niliona pacha, nikasema pacha. Hapo sikukudanganya, niliamini kwamba taa ndiyo mbovu. Ulipowasha ya pili, nikaona pacha tena. Taa mbili haziwezi kukosea sawasawa kwa mtu mmoja. Wewe ulikuwa unaningoja kwa uso ule wa kuniamini, na yule mwenzako anatazama. Ndipo nikazishika. Unakumbuka nilizishika? Uzi wa tofali ni wa pamba mbichi, unakwaruza kidogo. Wa zambarau unateleza. Nilizisoma kwa vidole, nikakuonyesha kwa mdomo kana kwamba nimeona.

Macho ni ugonjwa, siwezi kuyaombea radhi. Vidole vilikuwa vyangu. Kwa ajili ya vidole naomba unisamehe.

Wewe uliona. Taa ya kwanza ulisema mbili, zilikuwa mbili. Ya pili ulisema pacha, zilikuwa pacha. Uliona sawa mara zote mbili, mbele ya kizee anayekukaripia, na kosa lako ni moja tu, kwamba ulinipenda kuliko ulivyojiamini. Usiende ukakalia kiti cha vigae kwa sababu yangu. Kama unavipenda vigae, haya. Lakini kama ni kwa sababu huna jicho, jicho unalo. Asiyekuwa nalo nilikuwa mimi, na nilikuwa najua.

Basi, nimesema. Nimechoka kama mtu aliyebeba kabati ghorofa tatu.

Wamenipangia tarehe ishirini kunitoa huyo mtoto, jicho la kulia kwanza. Nimeogopa, lakini Katibu amesema mtoto asipotolewa, yeye ataacha kunisomea chupa za dawa, nitakunywa ya kunguni. Msalimie mama yako, mwambie mito sasa inatosha. Msalimie na mwenzako wa kamera, nilimwita kichwa maji, namwomba radhi, ingawa zile nywele zake bado sijazielewa. Babu yako ukutani hana neno, vumbi tu. Katibu naye anakusalimu, anasema mwandiko wake zamani ulikuwa mzuri kuliko huu.

Bandeji inafunguliwa tarehe ishirini na moja, asubuhi. Njoo siku hiyo. Kaiazime ile taa nzito inayokoroma, na ufike na stendi ya mtu yeyote, kioo chako ninacho hapa kimefungwa kwenye soksi. Nyuzi zile mbili ziko kwenye mkebe. Utaziweka kwenye sahani wewe, utasema wewe kwanza ipi ni ipi, na mimi nitakuwa nimeikalia mikono yangu. Kitambaa cha meza usikifumue. Nataka nikione kile kiraka nilivyokitia, kwa jicho langu, na wewe ukiwa pembeni, tucheke.

Mimi bibi yako, mke mwenza mkubwa,
dole gumba langu hili hapa chini, wino wa Katibu.